Sista Asiye Mtawa: Uhakiki wa Kiapo cha Wauguzi

Mgonjwa aliyelala katika hospitali ya mkoa mjini Songea, akitaka maji usiku au akiona dripu imekwisha, huita, "Sista!" Aitikaye yamkini ni mama wa watoto watatu aliyepanga vyumba Mfaranyaki au Bombambili, ambaye hakupata kuweka nadhiri ya utawa wala kulala katika nyumba ya watawa hata usiku mmoja. Jina hilo hutamkwa kwa heshima, na hapana aonaye ajabu. Lakini jina ni mzigo, na waliolibuni waliwabunia watu wa namna nyingine. Swali kama mwenendo wa mwuguzi baada ya zamu yake ufikishwe mbele ya wakubwa wa kazi, au uachwe kwake na kwa jamaa zake, husikika mara kwa mara, na aghalabu hujibiwa ama kwa hasira ama kwa huruma. Laweza kujibiwa kwa njia ya tatu: kwa kuyasoma maneno yenyewe yanayomfunga mwuguzi, kama yasomwavyo maandiko mengine yoyote, na kuuliza yalitoka wapi, yalimkusudia nani, na yapi katika hayo yana maana iwezayo kushikwa.

Hapana haja ya kwenda mbali kutafuta asili ya jina. Magharibi ya Songea, mwendo mfupi kwa gari, ipo Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898. Misheni yao iliteketezwa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, ikajengwa tena, na kando yake ikakua Hospitali ya Mtakatifu Yosefu pamoja na chuo cha wauguzi. Kwa miaka mingi mikono iliyofunga vidonda huko ilikuwa ya watawa wa kike waliotoka Ujerumani. Baadaye, tangu shirika la Mtakatifu Agnes lianzishwe Chipole mwaka 1938, ilikuwa pia ya mabinti wa nchi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 36, huitanguliza huduma ya wagonjwa mbele ya mambo yote, na huagiza mgonjwa ahudumiwe kana kwamba ni Kristo mwenyewe. Kwa mtu aliyeyakubali maneno hayo kuosha kidonda ni sala, na sala haina saa ya kutoka kazini. Akitoka wodini huenda kanisani. Akitoka kanisani huenda kwenye meza ya jumuiya. Na mezani husomewa kitabu kitakatifu. Hana kitu kiitwacho baada ya zamu.

Hayo yalikuwa mapatano yenye pande mbili, na upande wa pili husahauliwa upesi. Shirika lililozichukua saa zote za mtawa lilimpa nyumba, chakula, mavazi, wenzi, matunzo ya uzeeni na kaburi. Hakudaiwa kodi ya chumba. Hakutafuta karo ya watoto. Hakuwa na mume wa kugombana naye majirani wakasikia. Mwuguzi asiye mtawa alirithi jina, akarithi na weupe wa vazi, na kofia ambayo asili yake ni shela, mapatano hayakumfikia. Alichopewa ni madai ya upande mmoja, na mshahara.

Lugha za watawala wawili zilisaidia kulikaza fundo hilo. Kwa Kijerumani neno Schwester ni dada, ni mtawa, tena ni mwuguzi. Kwa Kiingereza neno lenye maana ya dada huitwa mtawa pia, na hospitalini ni cheo cha mwuguzi mkuu wa wodi. Kiswahili kilikaribisha sista kutoka pande zote mbili, kikayaweka kando maneno yake chenyewe, ambayo ni maneno yenye akili. Kitenzi uguza kimetokana na ugua, nacho ni kumshughulikia augua ye yote. Huuguza mama, huuguza shangazi, huuguza mume kama anao moyo. Na kuuguza huko hakuna malipo wala saa, wala hapana aliyepata kumkataza shangazi kumnywesha mgonjwa uji kwa kuwa juzi alionekana ngomani. Zamu nalo ni neno la walinzi na mabaharia. Lina mwanzo na mwisho ndani yake, kwa sababu haiwi zamu mpaka mtu ampishe mwingine. Neno mwuguzi likikutana na neno zamu hutokea kazi yenye mipaka; neno sista likikutana na zamu hutokea mvutano, na mvutano huo ndio unaozungumzwa hapa.

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi wa Tanzania huadhimisha siku yao kwa mishumaa na kwa kiapo. Kiapo kinachobeba jina la bibi huyo hakikuandikwa naye. Kiliandikwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha uuguzi cha Farrand, na mfano wake ulikuwa kiapo cha kale cha waganga wa Kiyunani kinachonasibishwa na Hippocrates. Ni maandiko mafupi. Yasomwa kwa pumzi chache. Mwapaji huahidi mbele ya Mungu na mbele ya mkutano kwamba ataishi maisha yake katika usafi wa mwenendo na kuifanya kazi yake kwa uaminifu. Kwamba atajiepusha na kila lenye madhara, hatatumia wala kutoa kwa kujua dawa ya kudhuru. Kwamba atailinda daraja ya taaluma yake, atazificha siri za watu na za nyumba zao alizozijua katika kazi. Kwamba atamsaidia tabibu, na kujitoa kwa ajili ya wale waliowekwa mikononi mwake.

Msomaji anayezoea kupima maandiko ataona mara moja kwamba vifungu hivi havina uzito mmoja. Kifungu cha dawa ni thabiti: dawa ilitolewa au haikutolewa, nayo yaweza kupimwa. Kifungu cha siri ni thabiti: jambo limetoka au limebaki. Hata kifungu cha kumsaidia tabibu, ambacho leo huwaudhi wengi kwa unyenyekevu wake, kina mtu, kina mahali na kina tendo. Kifungu cha usafi wa maisha peke yake hakina kipimo, nacho ndicho kilichowekwa kwanza. Katika sentensi yake maisha yatangulia na kazi yafuata, kama kwamba kazi ni tawi la maisha na mwenye kuyahukumu maisha amekwisha kuihukumu kazi. Waandishi hawakusema usafi wa nini, wala mbele ya nani, wala nani atautazama. Katika chuo cha mwaka 1893 hawakuhitaji kusema. Mwanafunzi alilala bwenini chini ya jicho la msimamizi, na msimamizi alijua.

Desturi hiyo ya jicho ilianza kabla yao. Chuo cha Nightingale kilipofunguliwa katika hospitali ya St Thomas's mjini London mwaka 1860, kila mwanafunzi aliandikiwa karatasi ya tabia na maarifa yake: ustadi wa wodini upande huu, na upande mwingine kama ana kiasi katika ulevi, kama ni mwaminifu, kama husema kweli. Sababu yake yajulikana. Dickens, katika Martin Chuzzlewit ya miaka ya 1843 na 1844, alikuwa amewachora Waingereza mwuguzi wao Sairey Gamp, mwanamke mnene wa mwavuli na pombe, na tangu hapo kila mwuguzi alibeba aibu ya Gamp. Lakini jambo moja katika riwaya hiyo halikusomwa vizuri. Chupa ya Gamp ipo karibu yake anapokesha na mgonjwa. Anakunywa zamuni. Dickens alishtaki kazi mbovu, na warekebishaji wakaagiza maisha yote yalindwe. Dawa ikawa kubwa kuliko ugonjwa.

Nightingale mwenyewe hakuiepuka tabia hiyo ya kupima kazi kwa sifa. Mary Seacole wa Jamaika alikwenda vitani Crimea kwa gharama yake, akafungua nyumba yake karibu na Balaclava mwaka 1855, akiuza vyakula na vinywaji kwa maofisa na kuwatibu askari mpaka katika uwanja wa mapigano. Miaka 15 baadaye, katika barua ya siri kwa shemeji yake, Nightingale alikiri kwamba mama huyo aliwatendea watu wema mwingi, kisha akalalamika kwamba palikuwa na ulevi mwingi na nyumba isiyo nzuri sana. Vidonda alivyovifunga Seacole havikutajwa kuwa vilifungwa vibaya. Kwa barua hiyo msomaji huona namna lawama ya aina hii inavyofanya kazi: haisemi uongo juu ya mikono, ila huyageuza macho yatazame mlango wa nyumba.

Ulinganisho wenye faida zaidi ni ule wa madaktari. Kiapo cha Hippocrates, baba wa kiapo hiki, nacho kilitaka usafi katika maisha na katika ufundi pamoja. Mwaka 1948 madaktari wa dunia walipokutana Geneva kukiandika upya, waliahidi kuifanya kazi yao kwa dhamiri na kwa heshima. Usafi wa maisha uliachwa nje. Haielekei kuwa sababu ni kwamba madaktari walikwisha kuwa watakatifu. Waliuondoa kwa kuwa walikuwa na nguvu ya kuuondoa, nao walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa. Kiapo cha wauguzi kilibaki na kifungu cha baba yake baada ya ndugu mkubwa kukiacha.

Baraza la Kimataifa la Wauguzi limepata kulihangaikia jambo hili kwa maandishi, na matoleo ya kanuni zake yastahili kusomwa sambamba kama zisomwavyo nakala mbili za utenzi mmoja. Kanuni za mwaka 1953 zilitamka wazi kwamba mwuguzi katika maisha yake ya faragha afuate mwenendo utakaoipa taaluma sifa njema, tena asizidharau kwa kujua desturi za jamii anamoishi na kufanyia kazi. Toleo la mwaka 1973 lilipunguza: mwenendo huo wa sifa ulidaiwa pale mwuguzi anapotenda kama mwuguzi. Toleo la mwaka 2000 likarudi nyuma kwa maneno machache tu, likasema nyakati zote. Toleo la 1973 ndilo bora kuliko mawili yanayolizunguka, si kwa sababu ni pole, bali kwa sababu ndilo pekee lililojua linazungumza juu ya nini. Maneno "nyakati zote" yana uzembe wa mwandishi aliyeogopa kuchagua. Tena toleo hilo limefunga pamoja vitu viwili visivyo kimoja, yaani sifa ya taaluma na imani ya watu. Sifa ni yale wasemayo majirani. Imani ni mwanamke mwenye uchungu kulivua vazi lake mbele ya mtu asiyemjua na kufumba macho. Ya kwanza huweza kuvunjika pasipo ya pili kuguswa, nayo ya pili huvunjika kimya bila jirani ye yote kusema neno.

Tofauti hii si ya vitabuni. Tangu sheria ya kikoloni ya mwaka 1952, kisha sheria ya 1997, na sasa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mwuguzi wa Tanzania amekuwa mtu aliyeandikwa katika daftari, na aliyeandikwa aweza kufutwa. Akifutwa hapotezi kibarua kimoja. Hupoteza ruhusa ya kuifanya kazi yake katika hospitali yo yote, ya serikali au ya misheni. Hapo ndipo kifungu kisicho kipimo kinapokuwa jambo la kutisha, kwa maana kifungu kisicho kipimo hupimwa na aliye na nguvu, au na aliye na chuki.

Na Songea si mji wa kujificha. Amalizaye zamu ya usiku hupita sokoni asubuhi na kusalimiwa na watu aliowachoma sindano. Jioni ya harusi huko Lizaboni au Majengo, ngoma ya lizombe ikipigwa na ulanzi ukizungushwa, mwuguzi aliye miongoni mwa wacheza huonwa na macho mengi, na kabla hakujapambazuka habari yake imefika hospitalini. Katika mduara huo huo yupo tabibu, yupo na mwalimu. Yamkini tabibu amekunywa zaidi. Habari yake haifiki popote. Kwa mganga wahenga walisema hajigangi, wakaridhika kumtafuta kwa dawa yake bila kuuliza alilala wapi. Na kwa mkunga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo husomwa kwa haraka kama onyo dhidi ya utovu wa shukrani, lakini itazamwe inamwambia nani. Haimwambii mkunga achunge mwenendo. Inamwambia mwenye tumbo achunge ulimi. Wahenga walijua ni upande gani wenye kupenda kusema.

Hata hivyo mabishano ya upande wa pili hayafai kupuuzwa, wala hayakosi kweli. Wasemao kwamba mwuguzi hubaki mwuguzi hata sokoni wanaijua miji midogo. Mgonjwa hawezi kumgawa mtu kwa saa. Aliyemwona mtu akitukanana kilabuni Jumamosi, naye Jumatatu amlalie kitandani akiwa hana nguo, hana namna ya kuufuta usiku ule. Na ipo hatari moja ambayo baada ya zamu ni kubwa kuliko zamuni, ambayo wenye kulaumu ngoma na pombe mara nyingi huipita bila kuitaja, nayo ni ulimi.

Na wawekwe wauguzi wawili wa kubuni mbele ya kiapo. Wa kwanza hanywi, huimba kwaya, hurudi nyumbani mapema, na hapana amwonaye pasipostahili. Siku moja akisuka nywele barazani amwambia shoga yake, tena kwa huruma, kwamba binti wa fulani ameonekana kliniki katika foleni ya dawa za kufubaza virusi. Wa pili hupenda ulanzi na lizombe, ameachana na waume wawili, na jina lake lipo katika kila mdomo wa mtaa. Lakini miaka yote aliyokaa kliniki hiyo hapana hata mtu mmoja aliyepata kujua kutoka kwake nani aliingia na nani alitoka. Kwa kifungu cha kwanza cha kiapo mmoja ni safi, mwingine ni mchafu. Kwa kifungu cha siri mambo yamegeuka chini juu. Binti aliyetajwa barazani aweza kuachwa na mchumba, kufukuzwa nyumbani, au kuacha dawa kwa kuogopa foleni. Madhara hayo yametokea nje ya hospitali, saa za mapumziko, bila pombe na bila ngoma. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 huilinda siri ya matokeo ya mtu, wala haikuandikwa humo kwamba ulinzi huo hukoma saa tisa alasiri sare ikivuliwa.

Kwa hiyo hukumu ya haki haiwezi kuwa kwamba yaliyo nje ya zamu hayahusu kabisa. Wanaosema hivyo kwa kumtetea mwuguzi wanamtetea vibaya, kwa kuwa wanaitoa sadaka siri ya mgonjwa ili kuiokoa ngoma. Swali la kuuliza mbele ya kila shtaka ni moja: mgonjwa yuko wapi ndani yake? Pombe ya jana iliyoingia katika zamu ya leo, mkono ukatetemeka kwenye sindano, ina mgonjwa ndani yake. Picha iliyopigwa wodini na kutumwa kwa simu jioni ina mgonjwa ndani yake. Aliyemdhulumu mtoto au mtu asiyejiweza popote pale, hata kijijini kwao wakati wa likizo, ameonyesha atakavyomtenda alalaye asiyeweza kuinuka, na mgonjwa yumo. Talaka haina mgonjwa. Ngoma haina mgonjwa. Deni la kanga dukani halina mgonjwa, ingawa mwenye duka aweza kwenda kushtaki hospitalini akijua huko ndiko kuna kiti cha kumtisha mdaiwa.

Yapo mashtaka yatakayokaa katikati, na hakimu mwema atayatolea jasho. Sare ivaliwayo kilabuni ni mfano: wengine huiona kuwa aibu ya jina tu, na wengine hukumbuka kwamba nguo hiyo imetoka katika vidonda na yaweza kurudi katika vidonda. Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, na ni ya vijidudu, si ya aibu.

Limebaki neno la usafi lenyewe. Waliokiandika kiapo cha 1893 walitumia neno la Kiingereza lenye harufu ya kanisani, ambalo huambatana na ubikira na nadhiri. Mfasiri wa Kiswahili anapolifikia hapo hukuta njia panda. Akiandika utakatifu, amemrudisha mtawa. Akiandika usafi, bila kuongeza wa moyo wala wa maisha, msikiaji wa Kiswahili husikia kwanza maji, sabuni, shuka iliyofuliwa, chombo kilichochemshwa na kucha zilizokatwa. Mambo hayo Nightingale aliyaandikia kurasa nyingi katika kitabu chake cha uuguzi, kuliko alivyoandika juu ya mahali alalapo mwuguzi. Na kwa usafi wa aina hiyo mwuguzi wa Songea aweza kuapa tarehe 12 Mei kwa sauti kubwa, mshumaa mkononi, kisha akaenda kunawa mikono na kuipokea zamu.